UZI: Bahari inabadilika. Miamba ya matumbawe bado inakua, au inaliwa?

#1 Kina_Kirefu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila bahari inapopata joto la kupindukia, picha za matumbawe meupe pe zinasambaa kila kona. Watu wanasikitika, wiki mbili zinapita, tunahamia habari nyingine. Sina ugomvi na picha hizo, ni za kweli na zinatisha. Ila zimetuzoesha kuuliza swali moja tu: matumbawe yako hai au yamekufa? Mimi linalonikera ni swali jingine: mwamba unaongezeka kimo au unapungua? Maana mwamba unaweza kuwa na matumbawe hai, samaki wa kila rangi na maji maangavu, na bado kila mwaka ukabomoka zaidi ya unavyojengeka. Kwa macho huoni kitu. Ni milimita.

Tuanze na mjenzi mwenyewe. Tumbawe ni mnyama. Polipu mmoja, mara nyingi mwenye upana wa milimita chache tu, ana mdomo uliozungukwa na minyiri, na chini yake anajijengea kikombe cha chokaa ngumu aina ya aragonaiti. Ndani ya nyama yake umo mwani wa chembe moja moja, ambao hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua na kumpa mwenyeji hadi asilimia 90 ya nishati yake. Ndiyo maana mchana, mwani ukiwa kazini, ujenzi wa chokaa huenda kwa wastani kama mara tatu ya kasi ya usiku. Likumbukeni hilo, kwa sababu karibu kila kitu nitakachosema kinarudi kwenye nishati.

Sasa kasi. Tumbawe la duara kubwa aina ya Porites hunenepa kama sentimita moja kwa mwaka. Lile la matawi, Acropora, tawi linaweza kurefuka sentimita 10 na zaidi. Ukisikia hivyo utadhani mwamba unapaa. Wapi! Mwamba wenyewe, ule mlima wa chokaa, hupanda milimita chache tu kwa mwaka, hata bahari ikiwa tulivu na yenye afya.

Hiyo tofauti inakwenda wapi? Inaliwa. Samaki aitwaye pono anakwangua mawe kwa meno yake na kutoa mchanga nyuma. Sponji watobozi wanachimba vyumba ndani ya chokaa. Kuna minyoo, kuna chaza wanaojichimbia, kuna wanyama wa mviringo wenye miiba mirefu wanaosaga mwamba usiku kucha. Dhoruba inavunja matawi. Sehemu ya vifusi inarudi kwenye mianya, na mwani mgumu wa rangi ya waridi unavigandisha viwe jiwe. Kinachobaki baada ya yote hayo ndiyo ukuaji.

Wataalamu wanaiita bajeti ya kaboneti: kilichojengwa, toa kilichobomolewa. Mwaka 2013 Chris Perry na wenzake walipima bajeti hiyo kwenye miamba ya Karibi, na jambo lililojitokeza ni kwamba pale ambapo matumbawe hai yameshuka chini ya takriban asilimia 10 ya eneo, mwamba huelekea kwenye hasara. Hakuna mlipuko wala harufu. Unazidi kuwa mfupi, basi.

Nitaendelea kwa vipande: joto, asidi, kina cha maji. Mwenye swali aulize katikati, hainisumbui.

#2 Sina_Haraka

Naweka kambi hapa. Endelea mkuu.

#3 BintiWimbi

Mleta uzi, mie nina swali la haraka. Matumbawe si viumbe vya maji ya joto? Maji ya baridi sana hayajengi miamba mikubwa. Sasa bahari ikipata joto, kwa nini yasikue haraka zaidi?

#4 Kina_Kirefu

Dada, hilo swali ni zuri, na jibu lake ni ndiyo, mpaka kikomo.

Kuna mahali imetokea kweli. Pwani ya magharibi ya Australia, kusini kabisa, kuna visiwa vya Houtman Abrolhos. Maji yake ni ya ubaridi kwa kipimo cha matumbawe. Watafiti walipokata vipande virefu kutoka kwenye Porites na kuvipiga eksirei (tumbawe hili lina pete za mwaka ndani yake), walikuta kwamba kadiri bahari ilivyopata joto katika karne ya 20, ujenzi wa chokaa pale uliongezeka. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba joto ni sumu tangu nyuzi ya kwanza.

Shida ni kwamba matumbawe mengi ya tropiki yanaishi karibu kabisa na ukingo wa uwezo wake. Kipimo kinachotumika na NOAA, taasisi ya Marekani ya bahari na anga, ni hiki: chukua wastani wa mwezi wenye joto kuliko yote mahali hapo, ongeza nyuzi 1. Ukivuka hapo, hesabu inaanza. Nyuzi 1 juu ya wastani huo kwa wiki nne unapata alama 4, na matumbawe yanaanza kupauka kwa wingi. Alama 8, vifo vinaenea. Hesabu inachukua wiki 12 zilizopita. Desemba 2023 ngazi za tahadhari za zamani hazikutosha tena, wakaongeza nyingine tatu juu yake.

Kupauka maana yake mwani umefukuzwa. Joto likizidi, mitambo ya mwani ya kukamata mwanga inaharibika na kuanza kumwaga kemikali zinazounguza nyama ya polipu, naye anautoa. Hapo chakula kimekatika, na ujenzi wa chokaa unasimama au kubaki kidogo sana. Ndani ya pete za Porites kupauka huacha mstari, kovu la mwaka ule. Hata waliopona huwa wanajenga polepole kwa miaka kadhaa baadaye. Sasa fikiria mahali panapopauka kila miaka miwili. Great Barrier Reef, ile safu kubwa ya miamba ya Australia, imepauka kwa wingi mwaka 2016, 2017, 2020, 2022, 2024 na 2025. Hiyo nafasi ya kupona iko wapi?

Na kule Great Barrier Reef kipimo cha ukuaji kipo. Mwaka 2009 Glenn De'ath na wenzake walichapisha matokeo ya Porites 328 kutoka miamba 69: tangu 1990 ujenzi wa chokaa ulikuwa umeshuka kwa asilimia 14 hivi. Hayo yalikuwa matumbawe hai kabisa, wala hakuna aliyeyapiga picha ya huzuni.

#5 Mchokoo

Mkuu usituletee nusu nusu. Mwaka 2022 taasisi ya sayansi ya bahari ya Australia yenyewe, AIMS, ilitangaza kwamba sehemu ya kaskazini na ya kati ya Great Barrier Reef ina matumbawe mengi kuliko wakati wowote ndani ya miaka 36 ya kupima. Hiyo mbona huisemi?

#6 Kina_Kirefu

Umefanya vizuri kuileta, na ni kweli tupu.

Walichopima ni kiasi cha sakafu kilichofunikwa na matumbawe hai. Asilimia iliruka kwa sababu Acropora walirudi. Hao ni wepesi kuota, wepesi kufunika, na ndio wa kwanza kufa joto likija, dhoruba ikipita, au kiti cha pweza mwenye miiba akivamia. Mwaka 2024 joto likaja. Ripoti ya 2025 ya taasisi hiyo hiyo inasema sehemu ya kaskazini ilishuka kutoka karibu asilimia 40 hadi 30 ndani ya mwaka mmoja, anguko kubwa kuliko yote waliyowahi kupima huko.

Kupanda na kushuka namna hiyo si dalili ya uzima. Mwamba hujengwa na vizazi vinavyokaa palepale, kimoja juu ya kingine, mwani mgumu ukiziba mianya. Kichaka cha matawi cha miaka sita kikifa, kinavunjika kuwa vifusi, na mawimbi yanavichukua kabla havijagandishwa. Asilimia ya mwaka ule ilikuwa habari njema, na mimi niliifurahia. Ila huwezi kuisoma kama kipimo cha kimo.

Kingine: baada ya 2016 na 2017, mabuu ya matumbawe waliotua kwenye Great Barrier Reef mwaka 2018 walipungua kwa asilimia 89 kulinganisha na miaka ya nyuma. Wazazi walikuwa wamekufa.

#7 Mchokoo

Sawa, hapo nimekuelewa. Bado naangalia.

#8 Kina_Kirefu

Twende kwenye asidi, hapa ndipo nataka tukae kidogo, maana ndipo panapochanganya watu.

Bahari imenyonya kama robo ya hewa ya ukaa ambayo binadamu ametoa. Ikiingia majini inatengeneza asidi dhaifu, pH ya uso wa bahari imeshuka kutoka kama 8.2 hadi 8.1 tangu kabla ya viwanda. Mtu anasikia 0.1 anacheka. Kipimo cha pH hakiendi kwa kujumlisha, kinaenda kwa mara kumi kumi, kwa hiyo 0.1 ni ongezeko la zaidi ya robo la ayoni za haidrojeni. Bahari haijawa asidi, bado iko upande wa alkali. Wanaosema "bahari imegeuka asidi" wanatupa sisi kazi ya kujibu wabishi.

Kwa nini tumbawe lijali? Kwa sababu zile ayoni za haidrojeni zinakamata kaboneti, na kaboneti ndiyo tofali lake. Kalisi iko tele baharini, haina shida. Kinachopungua ni kaboneti.

Polipu naye hajakaa tu kusubiri. Chini ya nyama yake, juu ya kiunzi, ameacha upenyo mwembamba sana wenye maji. Anasukuma ayoni za haidrojeni nje ya upenyo huo na kuingiza kalisi, mpaka pH ya mle ndani inakuwa juu kuliko ya bahari. Hapo chokaa inaganda yenyewe. Huo usukumaji unakula nishati. Bahari ya nje ikishuka pH, anasukuma dhidi ya mzigo mkubwa zaidi, kwa nishati ile ile aliyopewa na mwani. Na kama mwani umefukuzwa na joto, anasukuma na njaa. Mnaona mambo mawili yanavyokutana?

Ushahidi si wa kwenye tangi la maabara peke yake. Rebecca Albright na wenzake walikwenda One Tree Island, Great Barrier Reef, wakaongeza alkali kwenye maji yanayopita juu ya mwamba asilia ili yarudi karibu na hali ya kabla ya viwanda. Matokeo yalitoka 2016: ujenzi uliongezeka kama asilimia 7. Wakarudia kinyume, wakaongeza hewa ya ukaa kufikia hali inayotarajiwa mwishoni mwa karne hii: ujenzi ukashuka kwa theluthi moja. Hiyo ilichapishwa 2018. Mwamba ni ule ule, samaki wale wale, jua lile lile.

Halafu kuna jambo ninalolipenda kuliko yote kwenye uwanja huu. Mwaka 2007 Maoz Fine na Dan Tchernov walichapisha jaribio ambapo aina mbili za matumbawe ziliwekwa kwenye maji yenye asidi nyingi. Chokaa yote ikayeyuka. Polipu hawakufa! Wakaishi uchi, laini, wamenenepa kuliko mwanzo, wakazaa. Waliporudishwa kwenye maji ya kawaida wakaanza tena kujenga kiunzi. Kwa mnyama, kumbe asidi si lazima iwe hukumu ya kifo. Kwa mwamba, ni mwisho: hakuna kinachojengwa, na kilichokuwepo kinaliwa.

#9 Mzee_Kobe

Vijana, shikamooni wenyewe kwa wenyewe, mimi nawasoma tu. Ila nina jambo. Enzi za dinosari hewa ya ukaa ilikuwa nyingi mno kuliko ya leo, na chokaa ilikuwa inajengwa baharini kwa milima. Hii asidi mbona haikuwazuia?

#10 Msomi_wa_Mawe

Mzee wangu, shikamoo. Niruhusu nijibu, mawe ndiyo kazi yangu.

Kasi ndiyo jibu. Hewa ya ukaa ikipanda kwa maelfu mengi ya miaka, mvua inasaga miamba ya nchi kavu, mito inapeleka alkali baharini, na chokaa ya sakafu ya bahari kuu inayeyuka kidogo kidogo kuongeza kaboneti. pH inaweza kuwa chini na bado kaboneti ikatosha. Ikipanda ndani ya karne mbili, hakuna mto unaoweza kuwahi. Vitu viwili vilivyokwenda pamoja zamani, leo vimeachana.

Pili, wajenzi wa enzi hizo hawakuwa matumbawe kila mara. Katika sehemu kubwa ya kipindi cha Kretasia, jamaa wa chaza waitwao rudisti ndio waliotawala maji ya kina kifupi ya tropiki, matumbawe yakiwa pembeni. Na miaka milioni 56 hivi iliyopita hewa ya ukaa ilipomwagika kwa kasi na dunia ikapata joto la nyuzi 5 au zaidi, kwenye mawe yetu tunaona miamba ya matumbawe ikipungua na nafasi yake kuchukuliwa na viumbe wa chembe moja wenye maganda. Kumwagika kwenyewe kulichukua maelfu ya miaka, na tunakuita "haraka". Ya leo ni haraka kuliko ile.

#11 Mzee_Kobe

Marahaba mwanangu. Nimepata.

#12 Mchokoo

Narudi tena na uchokozi wangu. Palau, nchi ya visiwa huko Pasifiki, kuna ghuba katikati ya visiwa vya mawe, maji yake yana asidi kwa asili, pH karibu ile wanayotutishia kwa mwaka 2100, na matumbawe yamejaa tele, aina nyingi. Nani anasema hayazoei?

#13 Kina_Kirefu

Palau ni ya kweli na inanipa matumaini kiasi. Lakini iweke mezani pamoja na Papua Guinea Mpya. Kule Milne Bay kuna sehemu hewa ya ukaa inatoka ardhini kwa shughuli za volkano na kububujika katikati ya mwamba, maji yana joto la kawaida. Katharina Fabricius na wenzake walikuta kwamba asilimia ya matumbawe hai haikubadilika sana ukikaribia viputo. Kilichobadilika ni sura: matawi na meza zikapotea, yakabaki maduara ya Porites, aina zikapungua, na pH iliposhuka chini ya 7.7 mwamba haukuendelea kabisa. Ukipima kwa asilimia pekee ungeandika "hakuna tatizo". Samaki wadogo wanaojificha kwenye matawi wangekucheka.

Na hata Palau penyewe, sogea karibu. Kadiri pH inavyoshuka, matumbawe yanatobolewa mno na sponji na minyoo. Asidi inawarahisishia watobozi kazi, kwa sababu wengi wao huyeyusha chokaa kwa kemikali. Yaani upande wa mapato unabaki, upande wa matumizi unapanda.

Porites pia ana ujanja unaodanganya. Kwenye maji yenye kaboneti kidogo huendelea kurefuka karibu kama kawaida, ila kiunzi kinakuwa chepesi, chenye matundu zaidi. Ukipima urefu unaona yuko sawa. Weka kwenye mzani.

#14 BintiWimbi

Hiyo ya mfupa mwepesi imenishika. Kwa hiyo dhoruba ile ile ya miaka yote inavunja zaidi?

#15 Kina_Kirefu

Ndiyo. Na pono yule yule anang'oa zaidi kwa kila ng'ato.

#16 Msomi_wa_Mawe

Ongezea mchanga, dada. Watu wanasahau kuwa sehemu kubwa ya mwamba ni mchanga na vifusi, wala haina nyama hai ya kuilinda. Mchanga hauna pampu ya kusukuma ayoni nje kama polipu. Bradley Eyre na wenzake waliandika mwaka 2018 kwamba mchanga wa miamba unayeyuka kwa kufuata kemia ya maji moja kwa moja, kwa wepesi kuliko matumbawe yanavyopunguza ujenzi, na kwamba kwa wastani wa dunia utahama kutoka kuongezeka kwenda kuyeyuka karibu na 2050.

#17 Sina_Haraka

Sasa na maji ya bahari yanayopanda? Miamba si inapanda nayo?

#18 Msomi_wa_Mawe

Kina_Kirefu, niachie hii.

Historia inasema inaweza. Charles Darwin alipendekeza, kwenye kitabu chake cha 1842, kwamba kisiwa cha volkano kinazama taratibu na matumbawe yanaendelea kujenga kuelekea kwenye mwanga, mpaka kisiwa kinapotea na kubaki pete ya matumbawe. Mwaka 1952 walitoboa Enewetak, Visiwa vya Marshall, wakapita zaidi ya mita 1,200 za chokaa ya maji ya kina kifupi kabla ya kugonga jiwe la volkano. Mwamba ulikuwa umefuatana na kuzama huko kwa mamilioni ya miaka.

Baada ya enzi ya barafu bahari ilipanda kama mita 120. Hapo tunaona makundi matatu: miamba iliyokwenda sambamba na maji, iliyochelewa kisha ikafikia, na iliyoshindwa ikazama gizani. Iliyoshindwa ipo chini huko, tunaipima kwa sauti. Kwa hiyo uwezo upo, ukiwa na wajenzi wa kutosha.

Leo bahari ilipanda kwa wastani wa milimita 3.7 kwa mwaka kati ya 2006 na 2018, na kasi inaongezeka. Mwamba wenye afya unaweza kupambana na namba hiyo. Mwamba uliobaki na asilimia 10 ya matumbawe hauwezi. Perry na wenzake walipopima miamba mingi ya magharibi ya Atlantiki na ya Bahari ya Hindi, matokeo ya 2018 yalionyesha michache tu yenye kasi ya kufuatana na makadirio ya bahari kupanda. Na mwamba ukiachwa chini, mawimbi yanayovunjikia juu yake leo yatapita na kufika ufukweni na nguvu zao.

Kisha kuna Panama, upande wa Pasifiki. Lauren Toth na wenzake walichimba ndani ya miamba ya huko na kukuta pengo: kuanzia miaka kama 4,000 iliyopita, mwamba ulisimama kukua kwa takriban miaka 2,500. Waliunganisha pengo hilo na kuyumba kwa El Niño na La Niña. Kisha ukaanza tena. Wanaopenda matumaini husoma sentensi ya mwisho, mimi husoma ile ya katikati.

#19 Sina_Haraka

Miaka 2,500 kusubiri, hata mimi na jina langu siwezi.

#20 Jua_la_Saa_Sita

Samahani nimechelewa. Mbona hayahami? Yaende yakajenge kwenye maji yaliyokuwa ya baridi.

#21 Kina_Kirefu

Yanahama. Japani kumbukumbu za karibu miaka 80 zinaonyesha baadhi ya aina zikisogea kaskazini kwa kasi ya hadi kilomita 14 kwa mwaka. Ila kuhama kwa tumbawe na kuhama kwa mwamba ni mambo mawili. Ukisogea mbali na ikweta, mwanga wa majira ya baridi unapungua, kwa hiyo matumbawe yanalazimika kubaki karibu zaidi na uso wa maji. Na maji ya baridi hunyonya hewa ya ukaa zaidi, kaboneti huko ni kidogo tangu mwanzo. Unakimbia joto unakutana na asidi. Aina zitaokoka kwa njia hiyo, sawa. Mlima wa chokaa wa kilomita mia, sidhani.

Wapo pia wanaostahimili walipo. Ndani ya Ghuba ya Uajemi matumbawe huishi kwenye maji yanayofika nyuzi 34 na zaidi wakati wa kiangazi, joto ambalo kwingine lingewamaliza. Kaskazini mwa Bahari ya Shamu wanavumilia kwa mbali juu ya joto lao la kawaida. Watafiti wanawachunguza sana hao.

#22 Jua_la_Saa_Sita

Basi tuchukue hao tupande kila mahali.

#23 Kina_Kirefu

Kupanda kunafanyika. Florida walikuwa mbele kwa miaka mingi, vitalu vya matumbawe ya pembe baharini, maelfu kwa maelfu yakirudishwa kwenye mwamba. Kiangazi cha 2023 joto likaja mapema na kukaa. Watu walihamisha matumbawe kutoka vitalu vya baharini kwenda matangi ya nchi kavu ili yasife. Yaliyobaki nje, aina mbili za Acropora za huko, karibu yote yaliangamia kwenye sehemu kubwa ya visiwa vya Florida Keys, na mwaka 2025 wanasayansi waliandika kwamba kwenye mwamba wa Florida aina hizo zimetoweka kikazi, yaani waliobaki ni wachache mno kujenga chochote.

Siwabezi wapandaji. Kuhifadhi mbegu hai kwenye matangi kumeokoa ukoo wa matumbawe ambao usingekuwepo leo. Kuchagua wazazi wanaovumilia joto kunaendelea na kuna matokeo. Ninachokataa ni ile hesabu ya "tumepanda vipande elfu kadhaa" kana kwamba vipande ni kimo. Wangapi wako hai baada ya miaka mitano? Waliokufa wamegandishwa kwenye mwamba au wamesombwa?

#24 BintiWimbi

Kwa hiyo hakuna tunachoweza kufanya pale pale mwambani, ni kusubiri dunia ipunguze moshi?

#25 Kina_Kirefu

Hapana dada, kuna mengi. Shelisheli ilipoteza zaidi ya asilimia 90 ya matumbawe hai kwenye miamba yake ya visiwa vya ndani mwaka 1998. Nick Graham na wenzake walifuatilia miamba 21 kwa miaka iliyofuata: 12 ilirudi, 9 ikageuka shamba la mwani. Iliyorudi ilikuwa na kina kirefu zaidi, umbo lenye mashimo na matawi mengi, samaki wala-mwani wa kutosha, na virutubisho vichache majini. Maji taka na mbolea kutoka nchi kavu, uvuvi wa pono, hayo yanashikika bila kungoja mkutano wa kimataifa. Maji machafu pia yanalisha watobozi, sponji huchuja chakula humo, na yanakula oksijeni: Bocas del Toro, Panama, mwaka 2010 matumbawe yalikufa kwa kukosa hewa, joto halikuhitajika.

Tahadhari tu: ukisafisha maji umenunua muda na uwezo wa kupona. Joto lenyewe hulizuii kwa kusafisha maji. IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, mwaka 2018 iliweka makadirio: dunia ikipata joto la nyuzi 1.5, miamba ya matumbawe inapungua kwa asilimia 70 hadi 90. Nyuzi 2, zaidi ya 99. Kati ya namba hizo mbili kuna miamba mingi inayoweza kuwepo au kutokuwepo. Nusu nyuzi si kitu kidogo hapo.

#26 Mchokoo

La mwisho kwangu. Matumbawe ya maji baridi, yale ya gizani Norway, hayana mwani, hayapauki. Hao si salama?

#27 Msomi_wa_Mawe

Kwa kupauka ndiyo, wako salama, hawana cha kufukuza. Mwamba wa Røst, uligunduliwa 2002, una urefu wa kilomita zaidi ya 30, mita mia tatu na zaidi chini ya maji. Ila angalia ulivyojengwa: juu kuna polipu hai wenye nyama inayofunika kiunzi, chini yao kuna mita nyingi za viunzi vilivyokufa, vitupu. Huko kwenye kina na baridi kaboneti ni haba, na mpaka ambapo aragonaiti huanza kuyeyuka unazidi kupanda. Ukifika hapo, polipu wa juu wanaweza kuendelea kujenga kwa pampu zao, huku nguzo wanazosimamia zikiyeyuka.

#28 Kina_Kirefu

Hiyo inahitaji uzi wake. Msomi, ufungue wewe, mimi nitakuja na maswali.